Nilikataa Kuapa Kwamba Mume Wangu Amekufa

Asifiwe Bwana aliyeniinua kutoka kwenye kigoda changu cha kuuzia ming'oko akanisimamisha mbele yenu leo! Asifiwe tena! Padre, ahsante kwa kunipa nafasi. Ndugu zangu, wengi wenu mnanifahamu. Mimi ni Mama Leokadia wa Ufukoni, yule bibi anayeuza ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, njia panda ya kwenda sokoni, na kikopo cha chumvi na pilipili pembeni. Jina langu la ubatizo ni Paskalina. Nina miaka sitini na minane. Sikuja kuhubiri, kuhubiri sijui. Nimekuja kusema alichonitendea Mungu, na nikilia mnivumilie, kwa sababu habari yenyewe ni ya mume wangu.

Mume wangu anaitwa Lorensi. Sisemi aliitwa. Mtaona kwa nini.

Lorensi ni fundi seremala. Asili yake ni ng'ambo ya Ruvuma. Wazazi wake walivuka kuja huku wakikimbia vita, yeye akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Vita vilipokwisha mama yake alirudi kwao, lakini Lorensi akabaki, kwa sababu alikuwa ameshaniona mimi! Tulioana, tukanunua kiwanja Ufukoni wakati ule bado vichaka vitupu, tukajenga nyumba ya vyumba vitatu. Milango yote alitengeneza kwa mkono wake. Mungu alitupa watoto wanne akawachukua watatu wakiwa wadogo, akabaki Leokadia peke yake, ambaye sasa anashona nguo Masasi.

Sasa huu ni mwaka wa kumi na moja tangu Lorensi apate habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana kule. Alifunga nguo mbili na randa yake. Nikamuuliza, "Randa ya nini safari ya mgonjwa?" Akasema, "Mama ni mzee. Akiondoka, sitaki jeneza lake litengenezwe na mtu mwingine." Akaniambia nimpe wiki mbili. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la Kilambo, kule kwenye kivuko cha mto, akapanda, akachungulia dirishani akaniambia nimwagilie mpapai. Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mume wangu niliyosikia kwa masikio yangu. Mwagilia mpapai.

Miaka miwili ya mwanzo salamu zilikuja kwa wafanyabiashara. Mama hajafa lakini hanyanyuki. Nakuja baada ya mavuno. Mama ametutoka, namaliza mambo ya shamba, nakuja. Kisha ng'ambo kukaingia vurugu, watu wakakimbia vijiji vyao, na salamu zikakatika kama kamba.

Ndugu zangu, kusubiri ni kazi. Mtu anayefiwa analia, anapikiwa, anakaliwa matanga, watu wanaondoka na yeye anaanza upya. Mimi nani anikalie matanga? Nilikuwa nikipata nauli nakwenda Kilambo, nasimama wanaposhukia watu waliovuka mto, nauliza mmoja mmoja. "Mnamjua Lorensi, seremala, kidole chake cha shahada kimekatwa na msumeno?" Mmoja aliniambia alimwona kusini mbali, anatengeneza madawati. Mwingine akasema mtu wa namna hiyo alikufa kwa homa. Mwingine akasema alioa. Kila mmoja alinipa Lorensi wake, na mimi nikarudi Mtwara bila hata mmoja.

Lakini nyumba ilikuwepo. Nilijiambia, maadamu niko kwenye nyumba hii, siku akivuka anajua pa kuja. Hana simu, namba zangu zimebadilika mara nyingi, lakini nyumba haijabadilika. Ile nyumba ndiyo anwani yangu kwa mume wangu! Naomba mlishike hilo, maana bila hilo hamtaelewa nilichopigania.

Goti langu lilianza kuvimba. Zamani nilikuwa naamka mapema nakwenda kuwapokea akina mama wanaochimba ming'oko porini, nanunua kwa bei ya kwanza. Goti likanizuia, nikawa nanunua kwa mtu wa pili au wa tatu, na faida ikawa nyembamba kama karatasi. Siku nyingine narudi na sufuria nusu, nakula nilichoshindwa kuuza.

Na mnajua kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye luku. Ukinunua umeme, kodi inatangulia, umeme unafuata. Sikatai kodi, ndugu zangu, barabara tunapita wote. Lakini usiponunua mwezi huu, kodi haisahau, inakusubiri mwezi ujao na ndugu yake. Nilikaa miezi bila kununua kwa sababu ya goti. Siku niliyokwenda na kahela kangu, nikaingiza zile namba, mita ikanipa umeme wa kuwasha taa siku mbili. Nilidhani nimekosea namba. Sikukosea. Nikaacha kabisa kununua.

Kilichoniuma si giza, giza nimelizoea tangu utotoni kwetu. Kiliniuma kwamba Lorensi akija, akaona nyumba haina taa, atadhani nimehama au nimekufa. Atageuka. Nilikuwa naliwaza hilo mpaka kichwa kinauma.

Leokadia aliposikia alikuja kutoka Masasi. Mwanangu ana moyo mzuri, na yupo hapa leo, kwa hiyo nasema mbele yake. Alisema, "Mama, tuuze nyumba. Siku hizi watu wanatafuta viwanja karibu na bahari. Uje tukae wote."

Nikamwambia, "Baba yako akirudi atanikuta wapi?"

Akakunja kanga zangu zilizokuwa kitandani, zote, moja moja. Alipomaliza akasema, "Mama, baba harudi."

Nilitoka nje nikajifanya nafagia.

Baada ya hapo kukawa na mkutano wa mtaa. Mtendaji wetu wa mtaa ni mwanamke, mpole, anaongea polepole. Alisimama akasema: mzee aliyefikisha miaka sitini, asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anaweza kuomba asamehewe kodi ya jengo. Aje ofisini, ataandikiwa barua, atajaza fomu. Ndugu zangu, nilihisi kama naitwa jina! Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa mtendaji kabla hajafungua. Akaniandikia barua, akaninukulia namba ya mita, akanisaidia kujaza fomu kwa sababu mimi herufi nazisoma kwa shida. Nikaenda ofisi ya kodi nikiwa na kanga yangu ya sikukuu.

Afisa alinipokea kwa heshima, sina la kumlaumu. Alisoma fomu, akaangalia kompyuta yake, akauliza, "Bibi, hii mita inasoma jina la Lorensi. Huyu ni nani?"

"Mume wangu. Yeye ndiye alikuja kuomba umeme."

"Yuko wapi?"

"Alivuka Kilambo."

"Lini?"

Nikamwambia. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Bibi, msamaha huu ni wa mwenye nyumba. Kama mzee yupo, aje mwenyewe na kitambulisho. Kama amefariki, leta cheti cha kifo, tufuate taratibu za mirathi."

Nikamuuliza, "Na kama sijui?"

Alishika fomu, akaipindua mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kitu. Akasema, "Hapo bibi, hakuna mahali pa kujaza."

Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani, goti likiwaka moto, na kichwani narudia neno moja tu: hakuna mahali pa kujaza. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama mahali ambapo hakuna mahali!

Leokadia akapata njia. Alifuatilia, akaambiwa kwamba mtu aliyepotea miaka mingi hivyo, familia inaweza kwenda mahakamani kuapa. Akachapisha karatasi ya kiapo. Imeandikwa kwamba mimi Paskalina naapa kuwa mume wangu Lorensi alifariki dunia ng'ambo, na kwamba nathibitisha hivyo kwa ukweli ninaoujua. Aliponisomea nilimwambia, "Ukweli huo siujui." Akasema, "Mama, ni karatasi tu. Ukishasaini utaendelea kuamini unachotaka."

Nilikubali kwenda, msinihukumu. Nilikuwa nimechoka, na fundi wa umeme alishaniambia mita isiyotumika muda mrefu inaleta usumbufu. Nilisema moyoni, Mungu anajua nimelazimika.

Tulipofika, karani alinipa Biblia nishike mkono wa kulia. Akasema, "Rudia maneno yangu, mama. Mimi Paskalina." Nikasema, mimi Paskalina. "Naapa mbele ya Mwenyezi Mungu." Nikasema. "Kwamba mume wangu Lorensi." Nikasema, kwamba mume wangu Lorensi... Na hapo, ndugu zangu, mdomo wangu ukagoma! Karani akarudia, akadhani sisikii vizuri. Nilimwona Lorensi dirishani kwenye gari, kichwa nje, ananiambia nimwagilie mpapai. Nikaiweka Biblia mezani taratibu.

Nikasema, "Mwanangu nisamehe. Baba yako sijamwona amekufa. Siwezi kumuua kwa mdomo wangu ili nipate umeme."

Leokadia alilia palepale mbele ya watu. Akasema maneno ambayo yalinichoma kuliko yote niliyowahi kusikia. "Na mimi ni mtoto wake, mama! Unadhani mimi sitaki arudi? Nimechoka kumsubiri! Ndiyo maana nataka afe!"

Aliondoka siku ileile. Hakula. Nilibaki na karatasi mkononi na mwanangu nimempoteza kwa ajili ya mume ambaye sijui yuko wapi.

Ndugu zangu, sasa nasema ninaloona aibu kulisema hapa ndani. Niliacha kuja kanisani. Nilikasirika na Mungu. Nilimwambia, wewe unajua Lorensi yuko wapi, yuko chini ya udongo au yuko juu yake, unajua! Neno moja tu lingenitosha, na umelinyima. Rozari nilitundika kwenye msumari nikaigeuzia mgongo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumuiya walikuja kunitembelea nikajifanya nina homa.

Mungu alimtuma mtu ambaye hata si wa kanisa letu. Jirani yangu Bi Somoe, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, mwenzangu katika kila shida. Alikuja na uji wa mchele na kipande cha papa mkavu. Akaketi. Akasema, "Paskalina, Jumapili tatu sijakuona ukipita."

"Nimegombana na mwenye kanisa."

Bi Somoe alicheka mpaka ushungi ukamtoka. "Haya, nyie mtapatana, hayo mimi siyaingilii. Mimi nimekuja na swali la duniani. Kiwanja hiki mlinunua kwa nani?"

"Kwa Mzee Bakari. Yule aliyehamia kwao Mpapura kwenye mikorosho yake."

"Na karatasi ya mauziano?"

"Mchwa walikula, na boksi lake."

Akaniangalia kama naongea upuuzi. "Mchwa walikula ya kwako. Na ya kwake? Mauziano huandikwa karatasi mbili, mwenzangu. Muuzaji anabaki na yake."

Nikamwambia itasaidia nini, humo pia limeandikwa jina la Lorensi. Bi Somoe akasema, "Umeiona kwa macho yako?" Sikuwa nimeisoma kamwe. Wakati ule sikujua hata herufi moja. Niliambiwa weka dole hapa, nikaweka.

Kesho yake nilikwenda kwa mtendaji. Nikamuuliza kama karatasi hiyo ingefaa kitu. Alinifafanulia jambo ambalo sikulijua. "Bibi, jina la mita linaonyesha aliyeomba umeme. Mwenye nyumba ni jambo jingine. Kama una maandishi kwamba mlinunua wote wawili, au kwamba wewe una haki yako humo, tunaandika barua, jina linarekebishwa, na msamaha unaombwa kwa jina lako. Wala hakuna mtu atakayekuuliza habari ya kifo."

Wala hakuna atakayekuuliza habari ya kifo! Nilitoka pale nikiyarudia maneno hayo. Nilifika nyumbani, nikashusha rozari kwenye msumari, nikapiga goti lile zima, lile bovu nikalinyoosha pembeni. Sikuwa na sala ndefu. Nilisema, "Bwana, sitaki unionyeshe kaburi. Nionyeshe mlango."

Nikaenda Mpapura. Gari liliniacha barabarani, bodaboda akanifikisha karibu, kidogo nikamalizia kwa miguu katikati ya mikorosho. Ulikuwa msimu, mabibo yamedondoka chini yanavunda, harufu yake kali tamu imejaa njia nzima. Nilimkuta Mzee Bakari amekaa kwenye mkeka kibarazani, anachambua korosho kwa vidole, kwa sababu macho yake yameingia ukungu. Mkewe, Bi Hadija, alikuwa jikoni.

Nikapiga hodi. Nikamwamkia, "Shikamoo, nang'olo." Nang'olo ni mzee kwa lugha ya kwetu, na huyo ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Marahaba. Sauti naijua, sura siioni. Wewe nani?"

"Paskalina wa Ufukoni. Mke wa Lorensi seremala."

Korosho zilimdondoka. "Lorensi! Hajambo Lorensi? Mbona hujaja naye?"

Ndugu zangu, miaka mingapi sijaulizwa swali hilo! Watu waliacha kuniulizia mume wangu, kwa huruma, kwa woga. Huyu mzee hakujua lolote, akamuulizia kama mtu anayeulizia jirani. Bi Hadija akaja, akanikalisha, akanipa maji. Nikawaeleza yote, mto, salamu, mita, mahakama. Mzee Bakari alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akamwambia mkewe, "Lete mfuko wa karatasi."

Ulikuwa mfuko wa plastiki mweusi, umefungwa kwa kamba ya katani, ulikuwa darini. Bi Hadija alitoa karatasi za shamba, za ndoa, za chama cha msingi, mpaka akaikuta moja imekunjwa mara nne, kingo zimekuwa za njano. Yeye alisoma shule ya watu wazima. Akaisogeza kwenye mwanga, akasoma kidogo kidogo.

"Mimi Bakari... nimemuuzia Paskalina... kiwanja changu kilichopo Ufukoni..."

Nikamkatiza. "Soma tena, mama. Hapo ni Lorensi."

"Pameandikwa Paskalina."

"Lorensi hayumo?"

Akashuka na kidole mpaka chini. "Yumo. Huyu hapa. Shahidi wa mnunuzi, Lorensi. Na sahihi yake hii. Na dole hili juu, la wino, litakuwa lako wewe."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nilimwomba asome mara ya tatu. Nyumba ilikuwa yangu! Miaka yote ile, nyumba ilikuwa yangu, na mume wangu alikuwa shahidi!

Mzee Bakari akashangaa. "Kwani hukujua? Mumeo alikuja peke yake siku moja kabla ya kuandikiana. Nikamwambia, nitaandika jina lako wewe mwanamume. Akakataa. Akasema, 'Mzee, mimi asili yangu ni ng'ambo. Ipo siku kule kutaniita, na sijui kama nitarudi kwa wakati. Mwanamke huyu hana kwingine, mguu wake wote uko hapa. Andika jina lake.' Nikamuuliza, sasa wewe je? Akacheka, akasema, 'Mimi niandike shahidi.'"

Ndugu zangu, nililia. Nililia kilio ambacho nilikuwa sijakilia tangu gari la Kilambo liondoke. Si kwa huzuni tupu, wala si kwa furaha tupu. Nilitamani arudi hata kwa dakika moja, nimuulize, mbona hukuniambia? Miaka ishirini na zaidi tulilala kitanda kimoja hukuniambia? Nilitamani kumshika kile kidole chake kilichokatika. Niliona haya pia, kwa sababu nilikuwa nimedhani mimi ndiye ninayemtunzia yeye nyumba. Kumbe yeye ndiye aliyenitunzia mimi! Bi Hadija alinifuta uso kwa kanga yake, wala hakuniambia nyamaza.

Siku ileile Mzee Bakari alishikwa mkono na mkewe, tukaenda wote watatu kwa mtendaji wa kijiji. Akathibitisha, akaweka dole, mhuri ukagongwa. Nilitaka kumlipa kwa usumbufu. Akasema, "Nipe ming'oko uliyobeba." Alikuwa ameisikia harufu kwenye kapu.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwisha siku hiyo. Kurekebisha jina nilikwenda mara nne. Mara hii namba moja imekosewa, mara hii mhusika yuko safarini. Na malimbikizo ya nyuma nililipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sufuria ya ming'oko. Lakini ilifika siku nikakaa mbele ya afisa yuleyule. Aliniona, akanikumbuka. Akachukua fomu mpya akaanza kuijaza yeye mwenyewe, ananiuliza.

"Jina?" Nikamwambia.

"Umri?" Nikamwambia.

"Umeolewa, umeachika, au mjane?"

Nikamtazama. Na yeye akanitazama, kalamu imesimama.

Nikasema, "Nimeolewa."

Akaandika: ameolewa. Hakuuliza lingine. Akageuza fomu, nikaandika jina langu kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, sikuweka dole.

Msamaha ulikubaliwa! Haleluya! Mara ya kwanza kununua umeme baada ya hapo, niliingiza zile namba, nikaona nimepewa umeme wangu wote, haujamegwa. Nikawasha taa ya kibarazani mchana wa jua kali. Bi Somoe akapiga kelele kutoka kwake, "Paskalina, unamulikia nani saa hizi?" Nikamwambia, "Namulika tu!"

Nilimpigia Leokadia. Hatukuwa tumezungumza tangu mahakamani. Sikumwambia habari ya kodi kwanza. Nilimwambia, "Mwanangu, njoo usome karatasi." Akaja. Nikampa. Akasoma kimyakimya mpaka chini, halafu akaweka kidole juu ya sahihi ya baba yake. Akasema, "Hii kweli ya baba. Ile L yake yenye mkia." Kisha akasema, "Mama, mimi siwezi kuamini kama wewe."

Nikamwambia, "Sijakuomba uamini. Nimekuomba usinihamishe."

Akaniegemea begani. Sasa kila akija ananinunulia dawa ya goti, na ya kuuza nyumba hatuyasemi tena.

Ndugu zangu, hayo ndiyo aliyonitendea Bwana. Mwingine angetegemea niseme Lorensi amerudi. Hajarudi. Ningependa sana kuwaambia amerudi, kwamba yuko pale nyuma benchi la mwisho, na nikisema hivi macho yangu yenyewe yanakwenda kule benchi la mwisho. Hayupo. Ila Mungu alinitoa mahali ambapo ilinipasa kuchagua kati ya mume wangu na paa langu. Wanadamu waliniambia chagua, na Bwana akasema, binti, vyote viwili umekwisha kupewa zamani, hukusoma tu!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Bi Somoe, Mzee Bakari na mkewe, mtendaji wetu, na yule afisa aliyejaza fomu bila kunidadisi. Nanyi wazee wenzangu, mnaokaa gizani kwa kuogopa ofisi, nendeni kwa mtendaji wenu. Msione haya kusema hamna kitu. Na karatasi zenu wapeni watoto wawasomee, hata zile mnazodhani mnajua kilichomo. Na wewe unayesubiri mtu, au jibu, au mtoto, mtegemee Mungu. Hatakupa kila unachotaka siku unayotaka. Lakini hatakulazimisha kuapa uongo ili uishi. Mtegemee!

Nina ombi moja, Padre, halafu naketi. Miaka yote sijawahi kumwandikia Lorensi nia ya misa ili aombewe. Nilikuwa nafika pale mezani kwa karani wa parokia, naona daftari mbili, moja ya wazima na moja ya marehemu, nageuka narudi. Leo nimechoka kugeuka. Naomba msimwandike kokote. Naomba tu jina lake litajwe humu ndani, mbele ya Mungu, ambaye yeye anajua ni la daftari gani. Tulitaje wote pamoja, tafadhalini.

Lorensi.